Gemu Isiyohesabu Ng'ombe

Mimi gemu sizipendi, na nilisema wazi tangu siku ile Gloriose alipofungua kibanda chake ubavuni mwa jiko langu, hapa Kaisho senta. Kazi yangu ni kukaanga kabalagala, yale maandazi ya ndizi mbivu na unga wa muhogo, na kazi hiyo inataka utulivu. Halafu anakuja mtu na televisheni, na pedi za kuchezea gemu, na vijana wenye ndevu zao wanaopiga kelele kama nyumba inaungua, kumbe mpira umegonga mwamba ndani ya kioo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi na wewe hapa hatutakaa." Akacheka, akaomba kabalagala ya moto, akaila amesimama, akasema tutakaa. Na kweli tumekaa.

Gloriose ni binti wa Mzee Twizeyimana, mfugaji wa kule Mabira. Watu wao asili yao ni Rwanda, lakini wako kwenye vilima vile tangu enzi za babu zake, na ukitaja ng'ombe mbele yao uwe umejipanga, maana huondoki leo. Mimi ni Mnyambo wa migomba na kahawa, Mlutheri. Ng'ombe kwangu ni maziwa na samadi, basi. Yeye ni Mkatoliki, mrefu, mwembamba, ana sauti ya chini ambayo hata akikugombeza unadhani anakupa pole. Hajaolewa. Ukimuuliza kwa nini, na yeye anakuuliza kwa nini mafuta yako ya kukaangia ni meusi. Tunaelewana hivyo hivyo.

Alijifunza kazi mjini Kayanga, kwa mwenye kibanda mmoja aliyemwajiri kufagia. Akawa anafagia na kutazama. Pedi ikiharibika, mwenyewe anaitupa pembeni, Gloriose anaifungua, anaisafisha, anaifunga, inafanya kazi. Aliporudi huku kwetu Kyerwa alirudi na mashine yake moja ya gemu iliyotengenezwa mara nyingi hadi sidhani kama ndani kulibaki kitu cha kiwandani.

Lakini cha ajabu kwa Gloriose si gemu anazochezesha. Hizo ni za mpira na za magari, kila senta inazo. Cha ajabu ni gemu ambazo hazipo.

Umeme wetu mnaujua. Kwenye vibanda vingine ukikatika, wateja wanatawanyika. Kwa Gloriose hawaondoki. Wanabaki kwenye mabenchi na pedi mikononi, macho kwenye kioo cheusi, na yeye anasimama pembeni ya kioo anasema, "Haya. Kuna gemu moja haijatengenezwa bado."

Mara ya kwanza kusikia nilikuwa nageuza kabalagala. Akasema, "Kwenye gemu hii wewe si mtu. Wewe ni mvua. Uko juu ya Kaisho na una maji ya shamba moja tu. Chini kuna maharage ya mjane, ndiyo kwanza yametoa maua, yanakufa na kiu. Jirani yake ameanika kahawa, ikilowa imekwisha. Na upepo unakusukuma. Unafanyaje?"

Alikuwa anamuuliza Edgar, dereva wa bodaboda, mtu ana mwili kama lango. Edgar akasema anamnyeshea mjane, hana haja ya kufikiri. Gloriose akamwambia, "Sawa. Umenyesha. Maharage yamekunywa, mjane ametoka nje anacheka. Lakini maji yameteremka kwa jirani, kahawa imelowa. Jirani naye ametoka. Anatazama juu, anakutazama wewe. Anakuambia kitu. Anakuambia nini?"

Edgar aliganda. Mtu mzima, ana mke na watoto, ameshika pedi isiyo na umeme, hajui la kumjibu mtu ambaye hayupo. Na mimi nilikuwa nimeganda na mwiko mkononi, natazama juu kwenye bati kama vile ile mvua iko pale na inanisubiri nimsaidie Edgar. Kabalagala ziliungua zote. Harufu sikuisikia mpaka mteja aliponigusa bega.

Tangu siku hiyo nikawa nasogeza kigoda changu karibu na ukuta wake. Sikumwambia. Nilisikia gemu ya senene, ambapo wewe ndiye senene, umekuja na ukungu, na kila taa ya Kaisho inakuita kwa jina, na unajua kabisa kwamba chini ya kila taa kuna sufuria. Nilisikia gemu ya mshenga, ambapo anayefungua mdomo kwanza ameshindwa, na vijana wakakaa kimya wakitazamana mpaka umeme uliporudi na hakuna aliyeutaja. Nilisikia gemu ya mto Kagera, ambapo maji yanakumbuka kila aliyewahi kuvuka, na ili uvuke lazima umtaje mmoja ambaye maji bado yanamkumbuka. Hiyo ya mto ilimfanya Elpidius, kinyozi wetu, amtaje mama yake. Hakuna aliyecheka. Niliingia ndani nikampa kabalagala bure, jambo ambalo silifanyi.

Watu walimwambia aende mjini, huko wapo wanaojua kuziingiza gemu kwenye mashine. Alijibu kwamba yeye kompyuta haijui hivyo, na wanaoijua hajui wanakaa wapi, lakini gemu zenyewe hazina haraka. Anazisema kama mtu anayesema za ndugu walioko safarini.

Siku moja tunamenya ndizi nikamuuliza, "Haya mambo unayatoa wapi wewe?"

"Kwa baba," akasema. "Nilikuwa nachunga naye. Kule juu kutwa nzima hakuna kitu, ni nyasi na ng'ombe. Basi ananiuliza, kilima kile kikigeuka ng'ombe, kikitaka kusimama kitaanza na miguu gani? Namwambia ya mbele. Ananiambia umeshindwa, ng'ombe anaanza kunyanyua ya nyuma, rudia. Kesho yake nakitazama tena kile kilima. Dada Restuta, nakuapia nilikuwa naona kinavyopumua. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa ile, na haikuwa na kioo."

Mimi nimezaliwa nakiona kilima kile, na haijawahi kunijia kwamba kinaweza kusimama. Siku hizi nikipita nakiangalia kwa adabu.

Sasa huyo baba. Macho yake yalianza kuondoka taratibu, yeye akaficha kama wanaume wanavyoficha, mpaka alipojigonga kwenye lango la boma lake mwenyewe. Daktari akasema ni presha ya macho, imeshakula mshipa, na kilichokwenda hakirudi. Ng'ombe wakachukuliwa na Theoneste, kaka yake Gloriose, kule kule Mabira. Mzee akaletwa huku kwa binti yake, awe karibu na zahanati, akapewa chumba cha nyuma ya kibanda.

Alikaa kitandani ameelekea ukuta. Nikienda kumsalimia, "Shikamoo mzee," ananiitikia marahaba, lakini marahaba yenyewe anaupa ukuta. Anakula tonge, anaacha. Suruali ikaanza kumpwaya. Fimbo yake ya kuchungia ilitundikwa kwenye msumari siku aliyofika na haikuguswa tena. Gloriose alimwogesha, akamsomea rozari, akamwambia habari za Mabira, na yeye alikuwa kama mtu anayengoja gari lake lije.

"Tangu aje hajaniita jina," Gloriose aliniambia. "Akitaka maji anasema maji. Akitaka blanketi anasema baridi. Jina langu hajalitaja. Baba anaondoka, dada. Anaondoka akiwa ameketi pale pale, na mimi namwangalia."

 Niliogopa maana na mimi nilikuwa nimeliona. Nikamsogezea kisu na ndizi, amenye, ndiyo namna yangu ya kumfariji mtu.

Akamenya mbili tatu, kisha akaweka kisu chini. "Nitamtengenezea gemu," akasema.

Hapo nilikasirika. "Kipofu umtengenezee gemu? Akili zako ziko sawa kweli?"

"Gemu zangu zote hazina picha," akasema. "Hujagundua tu."

 Ile mvua niliiona mimi mwenyewe, na hakuna aliyenionyesha.

Akaanza alasiri moja. Mimi nilikuwa mlangoni na uji wa mzee. Gloriose akaketi kando ya kitanda, akaiweka sauti yake ile ya umeme ukikatika. "Baba, kuna gemu haijatengenezwa bado. Uko Mabira, asubuhi, umande bado uko kwenye nyasi. Unawatoa ng'ombe. Juu pale kwenye kona kuna namba, inakuonyesha una ng'ombe wangapi. Mmoja akipotea namba inashuka, na wewe..."

Mzee akageuka kutoka ukutani. Ndiyo mara ya kwanza niliuona uso wake wote, na natamani ningeuona kwa jambo la heri.

"Nani amehesabu ng'ombe wangu?"

"Ni gemu tu, baba."

"Nimeuliza, nani amehesabu ng'ombe wangu?"

 Mzee akarudi ukutani. Uji ule haukunyweka, wala chakula cha jioni, wala cha kesho yake.

Mimi sikuelewa hata kidogo. Tulipotoka nje nikamwambia, "Kosa liko wapi? Mimi kuku wangu nawahesabu kila jioni, na wakipungua najua mlango wa kugonga."

Alikuwa ameshika kichwa. "Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Ukimhesabu ni kama umeyaonyesha mauti pa kuanzia. Mfugaji anasimama langoni wakirudi, anawatazama, anajua wametimia au kuna aliyebaki. Mtoto akinyoosha kidole ahesabu, anachapwa. Mimi nilichapwa, dada. Halafu leo nimekwenda kumwekea baba yangu namba kwenye kona."

"Sasa ulisahauje kitu ulichochapiwa?"

"Gemu zote zinahesabu," akasema. "Magoli, dakika, risasi, maisha. Nimekaa nazo mpaka nimedhani ndivyo mchezo ulivyo."

Akashusha mikono. Kisha akaniuliza, na aliniuliza kwa dhati kabisa, kana kwamba mimi ni mtu wa kujua: "Gemu isiyo na namba. Isiyo na picha. Na mchezaji ajue kwamba kuna mmoja hajarudi. Atajuaje?"

Nikamwambia aniache nina mafuta jikoni. Lakini swali lile lilinikaa. Nilikuwa nakaanga huku nalifikiria, mimi Restuta ambaye gemu sizipendi.

Yeye kichwani alikuwa hayupo kabisa. Mteja anaomba pedi, anapewa rimoti. Vijana wakalalamika. Mzee naye alianza tena kulamba uji kidogo, lakini sasa hata marahaba aliiacha. Ndipo Gloriose akaniambia twende Mabira. Nikamuuliza mimi naenda kufanya nini. Akasema, "Kunishika nisianguke." Edgar akatubeba mshikaki kwenye pikipiki yake, mimi nikiwa nyuma kabisa nimeshikilia roho yangu, nikimtukana kila alipoingia shimoni.

Tulifika kwa Theoneste jioni, ng'ombe wakiwa njiani kurudi na moto wa moshi wa boma umeshawashwa. Gloriose alisalimia watu, akavua kanga ya mabegani, akajifunga machoni, akaenda kusimama langoni. Theoneste akaniangalia. "Amepatwa na nini?"

"Wa kuulizwa ni mimi? Dada yako huyo."

Kwa kweli niliona aibu kwa niaba yake, mtu mzima amejifunga kanga usoni mbele ya kaka na wifi yake. Kwa aibu ile nikafumba macho na mimi. Na ndipo nikasikia.

Wa kwanza alikuja taratibu, kwato nzito, akipumua puani kama mtu aliyebeba dumu la maji kutoka bondeni. Wa pili alijisugua kwenye nguzo, kwaruu, akasimama, akajisugua tena. Wa tatu pembe zake ziligonga huku, zikagonga na kule, ko, ko, maana ni pana kuliko lango na lazima ainamishe kichwa upande. Wengine wakapita wakichanganyika, na bado kila mmoja alikuwa yeye. Wa mwisho alifika, akasimama nje ya moshi, akatoa pumzi fupi kama anayeuliza kama kuna mtu, kisha akaingia. Nimeishi jirani na ng'ombe za watu maisha yangu yote na nilikuwa nasikia kelele tu.  Nikaogopa kufumbua macho, nisije nikakuta ni ng'ombe wa kawaida.

Gloriose alipofungua kanga ilikuwa imelowa. "Baba alikuwa anatazama," akasema, "lakini miaka yote hiyo alikuwa anasikia pia. Hakuna aliyemwambia kwamba anasikia."

Tuliporudi Kaisho akawagawia vijana ng'ombe wa kuigiza. Edgar akawa Bihogo, yule mzito wa mbele. Elpidius kinyozi akawa Gaju wa kujikuna. Habumugisha, kibarua wa kupogoa kahawa, akapewa vijiti viwili virefu awe Mayenje mwenye pembe pana. Na Yustus, dereva mwenzake Edgar, kijana mrefu asiyetulia, akawa Kyasha, yule wa mwisho mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Wakafanya mazoezi nyuma ya jiko langu, wakikanyaga udongo uliomwagiwa maji. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Gloriose hakucheka. "Edgar, Bihogo hana haraka. Wewe unakwenda kama mtu aliyeanika nguo na mvua imetanda." Na Edgar anarudi mwanzo, mnyenyekevu, anaanza upya.

Ikawa Jumapili baada ya ibada. Umeme ulikuwepo, mpira ulikuwa unaendelea, na Gloriose akazima televisheni kwa mkono wake. Mabenchi yakasogezwa ukutani. Mimi niliamriwa nilete jiko langu mbele ya mlango wa barabarani na nitie majani mabichi ya mgomba juu ya makaa, maana bila moshi ng'ombe hawarudi. Nikatia. Macho yakaniwasha, nikanung'unika, nikaongeza.

Mlango wa chumba cha mzee ukafunguliwa wazi, kuelekea ndani ya kibanda. Alikuwa kwenye ukuta wake. Gloriose akaketi chini, kizingitini.

"Baba, ni jioni. Umesimama langoni. Moto umewaka."

Mzee akabaki ukutani.

"Hakuna namba, baba. Hakuna aliyewahesabu. Wanarudi."

Edgar akaingia kutoka nje, akapita kwenye moshi, kwato nzito, pumzi ya dumu la maji. Mtu mmoja barabarani akaanza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Kwa sababu kichwa cha mzee kilikuwa kimeinuka.

"Bihogo," akasema.

Alilisema polepole, kama mtu anayeonja kitu ili ajue kama bado kina chumvi. Elpidius akaingia, akajisugua kwenye mwimo wa mlango, akasimama, akajisugua tena. "Gaju. Hajaacha tu kujikuna." Habumugisha akaja na vijiti vyake, ko huku, ko kule, na mzee akageuka mwili mzima kutoka ukutani, uso umefunguka. "Mayenje. Ataning'olea lango huyu."

Akina mama waliokuwa wanatoka kanisani walisimama barabarani na vitabu vyao vya nyimbo. Hakuna aliyeuliza kinachoendelea. Mimi nilikuwa na majani ya mgomba mkononi na nimesahau kuyatia. Pale ndani palikuwa na mabenchi, na kioo kilichozimwa, na kinyozi, na nakuapia kwamba palikuwa pia na boma, nililiona, na ng'ombe walikuwa wanapumua ndani yake.

Amebaki Kyasha. Tukangoja.

Gloriose akatazama mlangoni. Na mimi nikatazama nje: pikipiki ya Yustus haipo. Kumbe Therese, mama mmoja wa hapa senta, alikuwa na haraka ya kwenda kwa dada yake, akamwita, na Yustus akaona zamu yake bado, anaweza kwenda na kurudi. Nilitamani kumpata nimkaange kwenye mafuta yangu.

Niliuona uso wa Gloriose ukianguka. Mchezo umeharibika na baba yake ndiyo kwanza amegeuka. Akajaribu kuufunga kwa upole. "Basi, baba, wameshaingia wo..."

Mzee akainua mkono.

"Kyasha hayupo."

 Gloriose mwenyewe aliyeitengeneza gemu hakuwa ameliweka hilo.

"Kyasha hayupo," mzee akarudia, na haikuwa sauti ya huzuni. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kazi. Akashusha miguu chini. Akasimama. Akanyoosha mkono ukutani, ukaenda moja kwa moja kwenye msumari, akachukua fimbo yake. Nilitaka kwenda kumshika asijigonge, Gloriose akanizuia kwa kuinua mkono. Akapita mlangoni mwake, akapita kati ya mabenchi, fimbo ikimtangulia, akatoka nje, akaja kusimama kando ya jiko langu ndani ya moshi. Tangu aletwe Kaisho hakuwa amewahi kutoka ndani ya nyumba ile.

Akaita.

Sijui maneno yake, ni ya lugha yao. Ni wimbo na si wimbo, unapanda, unakaa juu, kisha unateremka mrefu kama unafuata mteremko wa kilima.  Mwenye duka ng'ambo ya barabara alizima redio yake. Nimesikia kwaya nyingi katika maisha yangu na nimeimba nyingine, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita asiyeonekana kwa uhakika wa namna ile kwamba atakuja.

Yustus alitusimulia baadaye. Alikuwa ameshafika mteremkoni. Anasema aliisikia sauti na mikono yake ikazima pikipiki bila kumuuliza. Therese akamuuliza kuna nini, akasema, "Mama, naitwa." Akaigeuza pikipiki, akaanza kuisukuma kupanda, na Therese naye, badala ya kumgombeza, akamfuata kwa miguu na mfuko wake kichwani.

Alipokaribia aliiegesha. Akaja anatembea kama alivyofundishwa. Akafika kwenye moshi, akasimama. Akatoa pumzi fupi.

Mzee akageukia pale pale. Yustus akainamisha kichwa, mrefu vile, na mkono wa mzee ukapapasa ukafika kwenye paji lake la uso, mahali penye baka jeupe la Kyasha, ukatulia hapo.

"Umechelewa," akamwambia. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Mimi nililia. Sisingizii moshi. Edgar alilia, Elpidius alilia, Yustus mwenyewe alikuwa ameinama tu machozi yanadondoka kwenye viatu.

Nikamsogezea mzee kigoda changu, akaketi kando ya moto. Nikampa kabalagala. Akaila yote, akanyoosha mkono, nikampa nyingine. Vijana walichuchumaa kumzunguka, na wale akina mama wa kanisani wakaja karibu, na yeye alikuwa anageuza kichwa taratibu, huku na huku, kama wanavyofanya wafugaji jioni, isipokuwa kwamba alikuwa anatumia masikio.

Katikati ya kutafuna akaacha.

"Bado," akasema. "Kuna mmoja bado hajaingia."

"Wote tupo, mzee," akasema Edgar. "Bihogo mimi hapa, Gaju yule pale, Mayenje..."

"Si hao."

Tukatazamana. Kisha mimi nikageuka, nikamwona. Gloriose alikuwa amebaki ndani ya kibanda, chini, kizingitini pale pale alipoketi tangu mwanzo. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili asije akalia kwa sauti na kumharibia baba yake mchezo. Hakuwa ametoa hata pumzi. Ndiyo maana mzee alijua: hakumsikia kati yetu.

"Gloriose," akaita.

Aliliita kama alivyomwita Kyasha, likipanda, likiteremka refu.

"Mwanangu Gloriose. Uko nje peke yako unafanya nini? Njoo motoni."

Alikuja. Alipita kati ya vijana bila kutazama mtu, akaketi chini kwenye miguu ya baba yake, na mzee akamwekea mkono kichwani. Akakaa akisikiliza kitambo, fimbo imelala magotini.

"Sasa fungeni lango," akasema.

Edgar akainuka, akaenda akaufunga mlango wa kibanda, ingawa jua lilikuwa bado juu na sisi wote tulikuwa nje.